Fangasi si uchafu tu, jeni nazo zina mkono

Mimi ni mtu wa uhandisi hapa West Bay, siyo daktari, ila mwezi uliopita ilibidi nisome. Jamaa tunayekaa naye alitokwa na choa mgongoni, maneno yakaanza humo ndani: huyu haogi. Wakati bafu tunatumia lile lile, na sisi wengine hatukupata kitu. Kwa nini?

Joto, jasho na nguo mbichi vinachangia, hilo tunajua. Lakini mwili nao una king'ora chake. Ukuta wa fangasi una sukari iitwayo beta-glukani. Chembe zetu za kinga zina kihisio, Dectin-1, kinachoitambua. Protini nyingine, CARD9, ni kama waya: inapeleka habari ndani mpaka askari waitwe. Waya ukikatika, nyumba inaungua na king'ora kimya.

Mwaka 2009 watafiti walieleza familia moja ya Uholanzi yenye kasoro ya Dectin-1. Fangasi za kucha na za ukeni zilikuwa zinawarudia. Mwaka huo huo ikaelezwa familia ya Iran, ng'ambo tu ya Ghuba hii tunayoitazama pale Corniche, yenye kasoro ya CARD9. Hii ni nzito zaidi. Mwaka 2013 walielezwa wagonjwa 17 kutoka Algeria, Tunisia na Morocco: fangasi wa kawaida wa ngozi, ndugu wa mapunye yetu ya shule ya msingi, walipenya hadi ndani ya mwili. Wanne walifariki.

Kasoro ya CARD9 hurithiwa pande zote mbili. Baba na mama wakibeba nakala mbovu moja moja, wao ni wazima, lakini kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuugua. Watoto wa ami wakioana, nakala hizo hukutana kwa urahisi zaidi. Sisemi watu wasioane. Nasema hivi: kama fangasi zinakurudia tangu utotoni, na nduguzo wanazo, mwambie daktari historia yote ya ukoo. Na usijipakie krimu za steroidi ovyo. Zinatuliza muwasho huku fangasi inasambaa.

Maradhi haya ya kurithi ni adimu. Jamaa yetu yeye alikuwa na choa tu, akapewa dawa, akapona. Kilichobaki ni sisi kumwomba radhi.