Mzazi Anaposahau Jina Lako

Somo la 9

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwanzo 9:20-23, Kumbukumbu la Torati 5:14, 16, 2 Samweli 19:31-39, Zaburi 71, Isaya 46:3, 4, 49:14-16, Marko 7:9-13, Yohana 19:25-27, 1 Timotheo 5:4, 8.

Fungu la Kukariri: Isaya 46:4. Lisome kwa sauti katika Biblia yako, na mwenye Biblia ya lugha ya nyumbani alikariri kwa lugha hiyo pia.

Fikiria familia moja ya milimani Upare, ya aina ambayo inapatikana katika makanisa mengi. Mama ana miaka 79. Alikuwa shemasi wa kike kwa muda mrefu, na ndiye aliyefua na kupiga pasi vitambaa vya Meza ya Bwana. Siku hizi hubandika sufuria na kuisahau mpaka iungue. Jua likizama huchukua kikapu na kusema anakwenda kwao, ingawa ameishi katika nyumba hiyo tangu aolewe. Mara mbili majirani wamemkuta njiani usiku, karibu na korongo.

Mwanawe wa kwanza yuko Dar es Salaam, anaishi katika vyumba viwili pamoja na mke na watoto. Wa pili, binti, yuko Uingereza. Ameajiriwa katika makao ya wazee, na kazi yake ni kuwaogesha, kuwavisha na kuwalisha akina mama wasiojua tena majina ya watoto wao. Mama yake mwenyewe anaangaliwa na msichana wa kazi wa miaka 17.

Walipozungumza kwa simu, binti alisema, “Kaka, tumtafutie mama mahali penye walezi waliofundishwa.” Kaka akajibu kwa ukali kwamba Mpare hampeleki mama yake kituoni, na kwamba amri ya tano haina likizo. Simu ikakatwa. Somo la juma hili linaanzia hapo simu ilipokatwa.

*Jifunze somo la juma hili kujiandaa kwa Sabato ijayo.*

JUMAPILI
Si Laana, Wala Si Mapepo

Soma Zaburi 71:9, 17, 18. Mtunga zaburi anaogopa nini? Anamwomba Mungu nini?

Jambo la kuangaliwa ni kwamba mzee huyu haombi ujana wake urudi. Anaomba asitupwe nguvu zinapomwishia. Anajua kwamba uzee una siku ambazo mtu hawezi kujitetea, na anaanza kuomba mapema, akiwa bado na maneno ya kuombea.

Dimenshia ni jina la jumla la magonjwa yanayoharibu ubongo kidogo kidogo, hata mtu akapoteza kumbukumbu, maneno, uwezo wa kupanga mambo, na mwishowe hata uwezo wa kumeza chakula. Ugonjwa wa Alzheimer ndio ulio mwingi zaidi kati ya hayo. Umepewa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1906 aliwaeleza madaktari wenzake mabadiliko aliyoyaona katika ubongo wa mwanamke aliyefariki akiwa na miaka 55. Leo duniani kuna watu zaidi ya milioni 55 wenye dimenshia. Mtu asidhani ni ugonjwa wa Wazungu: katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipowapima wazee wa miaka 70 na zaidi, waliona kwamba takriban 6 katika kila 100 wanao.

Hili linahitaji kusemwa wazi makanisani, kwa sababu wako wazee waliokemewa mapepo mbele ya washiriki kwa kosa la kusahau kufunga vifungo vya nguo. Wako bibi walioitwa wachawi kwa sababu walionekana wakizunguka usiku. Watu wanaohubiri ujumbe wa afya wangepaswa kuwa wa kwanza kumpeleka mzee hospitalini. Tena si kila usahaulifu ni dimenshia. Upungufu wa vitamini, ugonjwa wa tezi ya shingo, maambukizi, huzuni kubwa, hata dawa zenyewe anazomeza mzee zinaweza kuvuruga akili, na mengi ya hayo hutibika.

JUMATATU
Nguo Mabegani

Soma Mwanzo 9:20-23. Shemu na Yafethi walifanya nini ambacho Hamu hakufanya?

Nuhu alijiletea aibu yake mwenyewe, na Biblia haifichi jambo hilo. Hata hivyo wanawe wawili walichukua nguo, wakaiweka mabegani, wakatembea kinyumenyume ili wasione uchi wa baba yao. Ikiwa mzazi aliyelewa alistahili heshima hiyo, si zaidi sana mzazi ambaye hana kosa lolote, ila ubongo wake unaugua?

Walezi wazuri katika makao ya wazee wanaijua nguo hii, hata kama hawajasoma habari za Nuhu. Hubisha hodi kabla ya kuingia chumbani. Humweleza mzee kile watakachofanya kabla ya kumshika. Wanapomwogesha humfunika taulo sehemu ambayo haioshwi kwa wakati huo. Hawazungumzi juu ya kichwa chake kana kwamba ni kiti. Mzee akigoma kuoga hawamburuti. Huondoka na kurudi baada ya nusu saa, na mara nyingi amekwisha kusahau kwamba aligoma.

Hamu naye alitoka nje akaenda kusimulia. Siku hizi kusimulia kwa Hamu hufanyika kwa simu. Mjukuu anamrekodi bibi akiongea na kioo, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na watu wazima, wengine wazee wa kanisa, wanacheka.

*Je, katika simu yako kuna picha ya mzee ambayo yeye mwenyewe, akiwa na akili zake, asingependa ionekane?*

JUMANNE
Korbani ya Siku Hizi

Soma Marko 7:9-13. Yesu aliwakemea Mafarisayo kwa jambo gani hasa?

Mtu aliweza kutamka kwamba mali yake ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, na tangu hapo wazazi wake wasipate msaada kutoka katika mali hiyo. Sura ya nje ilikuwa ya ibada. Yesu aliona ndani yake mtoto aliyepata njia ya heshima ya kumkwepa mama yake.

Sasa rudi kwenye familia ya Upare. Ni nani kati ya wale wawili anayesema Korbani? Ni rahisi kumnyoshea kidole binti. Yuko mbali, anatuma fedha kila mwezi, na fedha zaweza kuwa Korbani kamili: risiti ikifika, dhamiri inalala. Hata hivyo ndiye anayejua, kwa kazi ya mikono yake, mama anahitaji nini.

Kaka yake ana fungu la Biblia na ana mila, na vyote viwili ni vyema. Lakini mwisho wa maneno yake ni kwamba mama anabaki palepale, na yeye anabaki Dar es Salaam. Mila inayosema “sisi hatupeleki wazazi wetu kituoni” ina uzito ikiwa anayeisema ndiye anayeamka saa nane usiku kubadilisha shuka. Ikiwa anayeamka ni mtu mwingine, basi mila hiyo nayo imekuwa Korbani.

Soma sasa Kumbukumbu la Torati 5:14, kisha 5:16. Mafungu haya mawili yamekaribiana sana. Kabla Mungu hajataja kumheshimu mama, ametaja pumziko la mjakazi. Yule msichana wa miaka 17 halali usiku mzima, kwa maana mama huamka na kutafuta mlango. Hajawahi kufundishwa la kufanya mama anapompiga kwa kudhani ni mwizi. Siku ya Sabato anabaki nyumbani “kwa sababu mama hawezi kuachwa,” na tangu mwezi wa kwanza hajaketi kanisani hata mara moja. Familia inayotimiza amri ya tano kwa kumvunjia mtu mwingine amri ya nne haijamaliza hesabu yake.

Paulo, katika 1 Timotheo 5:4, 8, haachi nafasi ya kukwepa: watoto na wajukuu wawe wa kwanza kuwatunza walio wao. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 nayo inaiweka familia mbele katika matunzo. Lakini Paulo anazungumza na nyumba nzima, na aghalabu mzigo huu humwangukia mmoja tu, binti asiyeolewa au mkwe, wakati wengine hutoa maoni.

JUMATANO
Chini ya Msalaba

Soma Yohana 19:25-27, na Marko 6:3. Mariamu alikuwa na watoto wengine nyumbani. Kwa nini basi Yesu alimkabidhi kwa mwanafunzi?

Biblia haitoi sababu yote. Linaloonekana ni jinsi Yesu alivyofanya. Alifanya mwenyewe, akiwa katika maumivu, wala hakuliacha jambo hilo litatuliwe na ndugu baada ya mazishi. Alimchagua mtu aliyemjua kwa muda mrefu. Tena alisema na wote wawili, mama na mwanafunzi, kila mmoja akisikia. Kumbe kumkabidhi mzazi mikononi mwa mwingine, kwa namna hiyo, si lazima kuwe kuvunja amri ya tano. Mwana wa Mungu aliitimiza kwa kukabidhi.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni mzazi anakabidhiwa wapi, kwa nani, na baada ya hapo nani ataonekana mlangoni. Huko Weesp, karibu na Amsterdam nchini Uholanzi, kuna makao yanayoitwa De Hogeweyk, yaliyofunguliwa mwaka 2009 kwa ajili ya watu wenye dimenshia iliyozidi. Yalijengwa kama kijiji: nyumba 23, katika kila moja watu sita au saba, na kati yake barabara, bustani, duka na mgahawa. Walezi hawavai sare za hospitali. Chakula hupikwa ndani ya kila nyumba, hivyo mzee husikia harufu ya vitunguu na kujua kwamba saa ya kula imekaribia. Anayetaka kutembea hutembea, kwa sababu kijiji kizima kimezungukwa na kuna lango moja tu la kutokea. Wapo wanaosema kijiji hicho ni maigizo. Huenda, lakini yule mama wa Upare anayetaka kutembea kila jioni angetembea bila kufika korongoni.

Makao ya namna hiyo ni ya gharama kubwa, na hata Ulaya ni machache. Katika Tanzania makazi ya wazee ya serikali yamewekwa hasa kwa wasio na ndugu wa kuwatunza. Familia inayotafuta mahali, popote pale, ifike bila taarifa, tena jioni. Iulize usiku wanakuwepo walezi wangapi. Ione kama wazee wamelazwa kwa dawa ili wasisumbue, au wamefungwa kwenye viti. Iulize kama ndugu wanaruhusiwa kuja saa yoyote. Wakikatazwa, warudi na mzazi wao nyumbani.

Soma pia 2 Samweli 19:31-39. Barzilai alikuwa na miaka 80. Mfalme alimwalika kwenye jumba la kifalme, akakataa. Aliomba afe katika mji wake, karibu na kaburi la baba yake na mama yake. Daudi hakumlazimisha, alimbusu na kumbariki. Wako wazee ambao kuwahamisha ni kuwavunja. Lakini Barzilai aliulizwa akiwa bado anaweza kujibu. Mama wa Upare angeulizwa miaka mitano iliyopita, aliposahau jina la mjukuu kwa mara ya kwanza na watoto wote wakacheka.

ALHAMISI
Kila Jioni Anamwuliza Baba

Soma Isaya 49:14-16. Mungu anajilinganisha na nani, na anadai kumpita kwa jambo gani?

Baba alifariki zamani, lakini kila jioni mama anauliza amechelewa wapi. Akiambiwa amekufa, analia kama amesikia leo. Kesho anauliza tena, na kulia tena. Je, aambiwe ukweli kila siku? Au adanganywe kwamba yuko safarini?

Muumini asiharakishe kusema uongo, wala asimfanye mama yake kuwa mjane upya kila jua likizama. Ipo njia ambayo walezi wenye uzoefu huitumia, ya kujibu shauku iliyo ndani ya swali: “Mama, unamkumbuka baba. Alipenda kula nini akirudi?” Mara nyingi mama ataanza kusimulia, na kila neno litakalosemwa litakuwa la kweli.

Kumbukumbu ya muziki hudumu wakati mengi mengine yamepotea. Mama asiyejua siku wala jina la mtoto wake aweza kuimba ubeti mzima wa wimbo kutoka Nyimbo za Kristo, sauti ya pili bila kukosea. Kundi la washiriki wanne likienda kumwimbia Sabato alasiri, liende na nyimbo za ujana wake, si zile mpya za kwaya.

Baada ya dakika kumi atakuwa amesahau kwamba walikuja. Utulivu walioleta hubaki baada ya kumbukumbu kuondoka. Walezi huuona usiku, mzee anapolala bila kuhangaika. Naye Mungu wa Isaya, aliyekubali kwamba hata mama aweza kusahau, amesema kwamba yeye hasahau.

IJUMAA
Maswali ya Kujadili

1. Katika kanisa lenu ni nani anayemtunza mzee aliyepoteza kumbukumbu? Taja jina lake. Amekosa Sabato ngapi, na nani anaweza kukaa na mzee huyo Sabato ijayo?

2. Mshiriki ameajiriwa katika makao ya wazee, na zamu yake huangukia Sabato. Ni kazi zipi ambazo Mathayo 12:11, 12 inaziruhusu waziwazi? Ni zipi zinazoweza kusubiri?

3. Wazee wa darasa: ikiwa akili zenu zingeanza kuondoka, mngependa kukaa wapi na kuogeshwa na nani? Je, watoto wenu wamewahi kusikia jibu hilo kutoka vinywani mwenu?

4. Familia ya Upare inapigiana simu tena Jumapili usiku. Ni nani aanze kuzungumza, na aseme nini kwanza? Je, yule msichana awepo kwenye mazungumzo?