Mzazi Ukingoni mwa Uwanja: Adabu za Familia katika Mafunzo ya Karate kwa Watoto

Mwalimu wa shule ya msingi aanzishapo kikundi cha karate, aghalabu hufikiri kwanza juu ya uwanja, mavazi na mbinu. Makala haya yanahusu jambo jingine ambalo, kwa maoni yangu, ndilo liamualo kama kikundi kitaishi hadi mwaka wa pili: mwenendo wa wazazi, bibi, kaka na dada za watoto hao. Mifano yangu naitoa Bariadi na vijiji vya Mkoa wa Simiyu, kwa kuwa ndiko niyajuako mazingira ya kazi. Mwanachuo atakayepangiwa Kondoa au Kilwa atabadilisha majina ya mazao na ya ngoma, na mengine atayakuta vilevile.

Yafaa mwanachuo aelewe kwanza kwamba michezo hii, katika sura yake ya leo, ilijengwa na walimu wa shule. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, aliongoza chuo cha kufundishia walimu kwa muda wa zaidi ya miaka 20. Katika kisiwa cha Okinawa, Anko Itosu aliingiza karate katika shule za msingi mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1908 akaandika barua ya hoja kumi kuitetea mbele ya wakuu wa elimu. Mazoezi aliyoyatungia wanafunzi aliyaita Pinan, jina ambalo maandishi yake hubeba maana ya amani. Mwanafunzi wake, Gichin Funakoshi, aliyeipeleka karate Japani, naye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwetu Tanzania mchezo huu ulianza kupata wafuasi Dar es Salaam katika miaka ya 1970, na Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mwenye asili ya Afrika, anakumbukwa miongoni mwa walioufundisha wakati huo. Basi mzazi akuulizapo kwa nini mwalimu anafundisha watoto kupigana, unayo haki ya kumjibu kwamba watungaji wa mazoezi haya walikuwa watu wa ubao na chaki kama wewe.

Jibu hilo, hata hivyo, halitoshi kumfanya mzazi ajue mahali pake wakati wa somo. Hapa ndipo penye kiini cha matatizo, na naomba tupatazame kwa makini.

Katika Usukuma, watu wamelelewa katika desturi ya mashindano ya ngoma. Baada ya mavuno, makundi mawili, Bagika na Bagalu, ambayo asili yake husimuliwa kuwa ni mafundi wawili, Ngika na Gumha, hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule avutaye watu wengi zaidi upande wake. Katika mashindano ya namna hiyo mtazamaji ndiye mwamuzi. Kelele zake, vigelegele vyake, hata miguu yake inayohama kutoka upande mmoja kwenda wa pili, vyote ni sehemu ya mchezo wenyewe. Mzazi aliyekulia katika utamaduni huo anyamazapo kando ya uwanja huona kwamba amemtupa mtoto wake.

Sasa mlete mzazi huyo kwenye somo la karate. Watoto wawili wa darasa la nne wamesimama wakielekeana, wanafanya zoezi la kupiga na kukinga kwa hesabu ya mwalimu. Mama anaita kutoka chini ya mwembe: "Mpige! Usimwogope huyo!" Mtoto anageuza kichwa kumtazama mama yake. Mkono wa mwenzake, uliokwisha kutumwa kwa hesabu, unamfikia shavuni. Mama anasimama kwa hasira. Mama wa mtoto wa pili naye anasimama. Na somo limekwisha. Hakuna mtu mbaya katika kisa hiki. Mtoto amesikia sauti mbili kwa wakati mmoja, ya mama na ya mwalimu, akaitii ile aliyoizoea tangu kuzaliwa.

Walimu wengi vijana hutatua jambo hili kwa kumkemea mzazi mbele ya watoto. Njia hiyo siikubali. Mtoto aliyeona mzazi wake akiaibishwa hatakuheshimu zaidi, na jioni hiyohiyo mzazi atakuwa na sababu ya kumwambia asirudi. Liko la kufanya kabla. Weka mahali pa wageni, hatua kumi au zaidi kutoka ukingoni, na upande wa nyuma ya watoto, ili mtoto asiweze kutazamana na nyumba yake. Kisha mpe mtazamaji saa yake. Tenga dakika tano za mwisho ambapo watoto wataonyesha kata, yaani mfululizo wa miondoko ambao kila mtoto huufanya bila kumgusa mwenzake, na waambie wazazi kwamba wakati huo makofi na vigelegele vinaruhusiwa na vinatakiwa. Mtu aliyeahidiwa nafasi ya kushangilia huweza kunyamaza dakika thelathini na tano. Asiyeahidiwa kitu hawezi.

Ama kuhusu maneno ya kumweleza mzazi, chukueni mfano huu wa mazungumzo kati ya mwalimu kijana na baba aliyemzidi umri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Mimi nimemtoa mtoto aje ajifunze kupigana. Mbona wiki ya tatu namwona anainama na kusimama tu?"

"Ni kweli, baba. Anajifunza kusimama ili asianguke, na kusimamisha mkono wake kabla haujamfikia mwenzake. Ng'ombe wa kulimia hufundishwa kusimama kabla ya kufungwa jembe."

"Hilo nalijua. Na huko kuinama? Anamwabudu nani?"

"Hamwabudu mtu. Binti yako akukutapo asubuhi hupiga goti, akasema mwangaluka, baba. Huku kuinama ni salamu ya namna hiyo. Anamwambia mwenzake: sitakuumiza, nawe usiniumize."

Angalieni kwamba mwalimu ameanza na shikamoo, na kwamba hakutaja Japani hata mara moja. Swali la kuabudu huulizwa sana, na wazazi Wakristo na Waislamu, na mwalimu asilicheke. Akiwapo mzazi ambaye dhamiri yake haikubali mtoto ainamishe kichwa, mtoto na asimame wima, aweke mkono kifuani, akasalimu kwa maneno. Kinachohitajika ni kwamba mtoto atulie na kumtambua aliye mbele yake kabla ya kuinua mkono. Kano alifundisha kwamba mazoezi yawe kwa ustawi wa pamoja, wangu na wa mwenzangu. Na mtoto wa miaka tisa huielewa kanuni hiyo kwa mwili, katika salamu, kabla hajaweza kuielewa kwa maneno.

Kabla ya somo la kwanza hapana budi kuwa na mkutano mfupi wa wazazi, na katika mkutano huo mwalimu aulize zaidi ya anavyoeleza. Swali la kwanza liwe juu ya afya. Ugonjwa wa selimundu upo kwa wingi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, na mtoto mwenye ugonjwa huo aweza kupatwa na maumivu makali akichoka mno, akikosa maji mwilini au akipatwa na baridi. Mzazi wake aulizwe faraghani, si hadharani, na mtoto asiingizwe katika mazoezi mpaka mganga wa zahanati au kituo cha afya ashauriwe. Swali la pili ni juu ya pumu na kifafa. La tatu watu huliona dogo, nalo si dogo: vitu avaavyo mtoto. Hereni, bangili na kamba shingoni huumiza. Lakini kamba ya kiunoni au mkononi yaweza kuwa hirizi aliyofungwa na bibi yake, na mwalimu aikataye kwa wembe amekata pia uhusiano wake na ukoo mzima. Mwombeni mzazi mwenyewe aivue au aifunike kwa kitambaa.

Jambo la fedha lisemwe waziwazi siku hiyohiyo. Mtoto afanye mazoezi kwa nguo za michezo za shule. Vazi jeupe si sharti la kujifunza. Kuhusu mikanda, wazazi waelezwe kwamba rangi nyingi tuzionazo leo si za kale: katika judo zilienezwa mjini Paris katika miaka ya 1930 na Mikonosuke Kawaishi, ili wanafunzi waone hatua zao. Ni kifaa cha kufundishia, kama nyota ya karatasi tuibandikayo daftarini. Mzazi akija na noti mkononi akitaka mwanawe apewe mkanda wa njano kwa kuwa wa jirani amekwisha kuupata, mrudishie noti yake kwa mikono miwili na umwonyeshe daftari la maendeleo ya mtoto.

Kalenda ya kikundi ifuate kalenda ya pamba. Kuanzia Novemba familia zinapanda, kisha palizi, na kufikia Mei na Juni mikono yote, ya wakubwa na ya wadogo, inatakiwa shambani. Mwalimu atakayeweka majaribio ya mkanda katikati ya mavuno atalalamika kwamba wazazi hawathamini michezo. Mimi nitasema hakutazama nje ya dirisha. Kadhalika wavulana wachungao na wasichana wachotao maji hawawezi kufika saa moja kwa wote. Kubaliana na kila nyumba juu ya siku mbili tu kwa juma, na ukisha kukubaliana dai utimilifu. Mzazi atakiwe kutuma taarifa mtoto akikosa, hata kwa mdomo wa ndugu yake. Nawe ukiahirisha somo, uwape taarifa vilevile. Watoto wengine wametembea saa nzima.

Nifikie sasa jambo linaloniudhi kila nilionapo. Mzazi anamleta mtoto na kusema, "Huyu amekataa kuchunga jana. Mwalimu wa karate, mnyooshe." Tayari mwalimu kijana anamwamuru mtoto apige pushapu mia moja juani. Kanuni za mwaka 2002 za adhabu ya viboko mashuleni zinaiweka adhabu hiyo mikononi mwa mwalimu mkuu, au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, nazo zinaweka kikomo cha viboko vinne na kutaka iandikwe kitabuni. Kikundi cha karate hakikuundwa kuwa mlango wa nyuma wa kuzikwepa kanuni hizo kwa kutumia mazoezi badala ya fimbo. Zaidi ya hayo, mtoto aliyeadhibiwa kwa pushapu atachukia pushapu, na kosa la ng'ombe litabaki palepale. Mwambie mzazi kwa heshima: "Mama, la nyumbani tulimalize nyumbani. Hapa nitamuuliza tu kama ameomba radhi." Katika kuuliza huko umemsaidia mama bila kuwa fimbo yake.

Upande wa pili wa sarafu, mbinu za uwanjani nazo zisiende nyumbani. Wazazi waelezwe kwamba mtoto akimpiga teke mdogo wake, wamlete mwalimu taarifa, naye mtoto atakaa pembeni masomo mawili akitazama wenzake. Lakini sharti hili halitashika iwapo kaka mkubwa humchokoza kila jioni, "Hebu tuone karate yako." Kaka huyo aitwe uwanjani, apewe kazi ya kuhesabu au ya kufagia miiba, naye atakuwa mlinzi wa sharti lenyewe.

Wapo wazazi ambao haja yao ni nzito zaidi. Baba wa msichana apitaye njia ndefu yenye vichaka kwenda shule hatafuti mkanda. Anatafuta usalama wa binti yake. Usimcheke wala usimdanganye. Msichana wa miaka kumi hatamshinda mtu mzima kwa ngumi, na mwalimu aahidiye hivyo anamtia hatarini. Liwezekanalo ni kumfundisha kupiga ukelele kwa sauti ya tumbo, kuuchomoa mkono ulioshikwa, kukimbilia penye watu, na kusema nyumbani lililotokea bila kuogopa kulaumiwa. Jambo la mwisho hilo latimia tu ikiwa wazazi wameahidi kusikiliza, kwa hiyo waambiwe mapema. Papo hapo mwalimu aeleze jinsi yeye mwenyewe atakavyomgusa mtoto: kiwiko, bega au kisigino tu, kwa kumwomba ruhusa, mbele ya watu wote. Mzazi yeyote aruhusiwe kuja kutazama bila kutoa taarifa. Mwalimu asiyetaka kutazamwa asipewe kikundi.

Mwishowe, watoto wengine wataondoka. Pengine familia inahama na mifugo yake, pengine mzazi amebadili nia. Mzazi aombwe jambo moja tu, kwamba mtoto aje mwenyewe kuaga. Na mwalimu asimwulize sababu mbele ya wenzake. Asalimiwe na kikundi kizima kama kawaida, na jina lake lisifutwe daftarini. Pembeni yake andika kwa penseli kata aliyofikia, kwa sababu baadhi yao hurudi Agosti, pamba ikisha kuuzwa, na huuliza waanzie wapi.