Kutembea Nairobi, Mji wa Picha za Sinema

Katika miaka ya 1950, motokaa ya sinema ya Serikali ilipofika kijijini, nguo nyeupe ilitandazwa uwanjani wakati wa jioni, na watu wazima kwa watoto wakaketi chini kutazama. Siku hizi motokaa hiyo haiji tena, na picha hutazamwa katika simu mkononi. Lakini jambo moja halikubadilika: mtu akiisha kuona picha nzuri, hutamani kupaona mahali ilipopigwa. Kwa hiyo watu wengi wa Kakamega wanaokwenda Nairobi, ama kwa kazi ama kumzuru ndugu, hupenda kutenga siku moja au mbili ili watazame mahali palipopata sifa kwa ajili ya sinema. Inafaa mtu kama huyo ajue aende wapi, na zaidi ya hayo ajue atazame kwa macho gani.

NYUMBA ILIYO KARIBU NA VILIMA VYA NGONG

Mahali pa kwanza ni nyumba ya Karen Blixen, katika kitongoji kiitwacho Karen. Nyumba hii ya mawe ilijengwa mwaka 1912. Bibi huyo, mwenyeji wa Denmark, alikaa humo tangu 1917 hata 1931, akilima kahawa, na mwaka 1937 alitoa kitabu juu ya maisha yake katika shamba hilo. Mwaka 1985 habari hizo zilitolewa katika sinema iitwayo Out of Africa, iliyoongozwa na Sydney Pollack, nayo ikapata tuzo 7 za Oscar huko Marekani. Mwaka 1986 nyumba ilifunguliwa kuwa makumbusho ya taifa. Mgeni huonyeshwa vyumba, vyombo vya zamani, na baadhi ya vitu vilivyotumika katika sinema yenyewe.

Hapa ndipo somo linapoanza. Wageni wengi husimama katika baraza ya nyumba hiyo wakidhani kwamba ndiyo waliyoiona katika picha. Sivyo. Sehemu za nyumbani hazikupigwa humo, bali katika nyumba nyingine ambayo bibi huyo aliikaa kwanza, isiyo mbali na hapo. Mtaa wa Nairobi ya kale unaoonekana katika picha ulijengwa upya na maseremala kwa ajili ya kazi hiyo. Hata simba waliotumika walikuwa simba waliofunzwa, walioletwa kutoka California, ingawa simba wa porini wamo katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, kando ya mji wenyewe, tangu hifadhi hiyo ilipofunguliwa mwaka 1946.

MAKUMBUSHO YA RELI

Mahali pa pili ni Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni kuu. Yalifunguliwa mwaka 1971. Humo limo behewa ambalo ndani yake afisa wa polisi, Charles Ryall, alinyakuliwa na simba usiku katika stesheni ya Kima, mwaka 1900. Mtu akiliona behewa hilo hukumbuka mara moja sinema ya mwaka 1996 iitwayo The Ghost and the Darkness, inayosimulia habari za simba wawili waliowala wajenzi wa reli huko Tsavo mwaka 1898. Lakini kisa cha Kima ni kingine na kisa cha Tsavo ni kingine. Tena sinema hiyo ya Tsavo haikupigwa Kenya hata kidogo. Ilipigwa Afrika Kusini. Simba wa Tsavo walikuwa madume wasio na manyoya ya shingo, bali wa katika picha wanayo. Asiyejua mambo haya hurudi nyumbani na hadithi mbili zilizochanganyika kuwa moja.

RIVER ROAD NA KIBERA

Mahali pa tatu hapana lango wala tikiti. Ni barabara ya River Road, katikati ya mji. Katika vyumba vidogo vya juu ya maduka yake, watu wa Kenya walianza kutengeneza sinema zao wenyewe kwa fedha kidogo na kwa siku chache, nyingi kwa Kigikuyu na lugha nyingine za nyumbani, na kuziuza katika diski. Kazi hiyo ikapewa jina la Riverwood, kwa kuifananisha na Hollywood ya Marekani.

Watu wengine hupenda kuiona Kibera pia, ambako sehemu za sinema ya The Constant Gardener ya mwaka 2005 zilipigwa. Waliotengeneza picha hiyo hawakuondoka hivi hivi. Walianzisha mfuko wa kuwasaidia wenyeji wa mahali walipofanya kazi. Mgeni naye asisahau adabu. Kibera ni makao ya watu, si bustani ya maonyesho. Yapasa mtu abishe hodi, aamkie, na aombe ruhusa kabla ya kumpiga mwenyeji picha, kama vile yeye mwenyewe angalivyopenda kuombwa nyumbani kwake.

ONYO KWA VIJANA

Mwaka 2012 ilitolewa sinema ya Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David Tosh Gitonga. Inamhusu Mwas, kijana wa shamba auzaye diski za sinema na kuigiza maneno ya mashujaa wake mbele ya wanunuzi. Anafunga safari kwenda Nairobi ili awe mwigizaji. Hata hajapata pa kulala, ananyang'anywa mali yote aliyobeba; kisha anaingia kifungoni, na mwisho anajikuta katika kundi la wezi. Joseph Wairimu, aliyemwigiza Mwas, alipata tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban mwaka huo huo.

Kila kijana apandaye basi la usiku kutoka Kakamega na kushuka Nairobi alfajiri angefaa kuikumbuka picha hiyo. Afadhali awe na mwenyeji wa kumpokea. Asitembee na fedha zake zote mahali pamoja. Na mtu akimwahidi kazi ya sinema kwa sharti la kutoa ada kwanza, amkimbie. Kazi ya sinema ni ufundi kama useremala. Nyuma ya mwigizaji mmoja wapo watu wa kamera, wa taa, wa sauti, wa mavazi, na wa kuunganisha picha. Ufundi huo hufundishwa, hata katika Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1961. Anayetaka kazi hiyo na aulize njia ya chuo kabla ya kuuliza njia ya umaarufu.

FAIDA YA SAFARI

Basi, aliyetembea Nairobi kwa macho mawili, moja la kutazama picha na moja la kutazama kweli, hurudi na faida. Huona kwamba sinema haizaliwi na mji mkubwa, bali huzaliwa na habari njema na mikono yenye ujuzi. Mwaka 2018 ilitolewa sinema ya Kenya iitwayo Supa Modo, iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Inaonyesha kijiji kizima kikishirikiana kutengeneza picha kwa ajili ya mtoto mgonjwa apendaye mashujaa.

Kakamega nako kuna msitu mkubwa wa mvua, kuna jiwe la Ilesi linalotiririka maji kama machozi, kuna mapigano ya mafahali, na kuna wazee wanaozijua habari za dhahabu iliyowaleta wageni katika miaka ya 1930. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Atakayerudi kutoka Nairobi akautazama msitu wa kwao kwa macho mapya, nauli yake haikupotea.