Vazi la Unga wa Madini

Siku moja nilipokuwa mwanafunzi, unga wa magnesi uliwaka mezani. Nilikimbilia ndoo ya maji. Mwalimu akanidaka mkono, akaufunika moto kwa mchanga mkavu. Leo namshukuru, maana maji yangeuchochea.

Nendeni Katwe, hapa Kampala, mkawatazame mafundi wakinoa chuma. Cheche zile ni chembe za chuma zinazoungua hewani. Mbona msumari mzima hauwaki? Kwa sababu madini yakisagwa, sehemu iguswayo na hewa huzidi mno.

Unga wa alumini nao, ukilowa, waweza kutoa haidrojeni, gesi iwakayo upesi. Kwa hiyo ule wa kutengenezea rangi ya fedha huvikwa utando mwembamba wa asidi ya steariki, ipatikanayo katika mafuta ya wanyama, ili kuukinga na hewa na unyevu. Sodiamu ya maabara nayo huwekwa ndani ya mafuta kwa sababu iyo hiyo.

Lakini vazi hupunguza hatari, haliiondoi. Fungeni chombo vizuri, kiwekeni pakavu, mbali na moto. Na mchanga mkavu uwe karibu daima.