Mjamzito Hafukuzwi Kazi: Siku 30 Zisikupite
*Elimu kwa wafanyakazi na waajiri wa Musoma, Bunda na Butiama*

Kwa nini kijitabu hiki
Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yamewaongezea likizo wazazi wa watoto njiti. Ni hatua ya kujivunia. Lakini likizo haimfai mama aliyeondolewa kazini kabla ya kujifungua.

Haki zako
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa jinsi, ujauzito au hali ya ndoa. Kazi yenye thamani sawa ilipwe sawa. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, au 100 kwa mapacha. Baba hupata siku 3, au 7 mtoto akiwa njiti. Anayenyonyesha hupewa hadi saa mbili kwa siku. Kuhusu taarifa ya miezi mitatu kabla ya kujifungua, cheti cha daktari na masharti mengine, ulizia kwa afisa rasilimali watu.

ONYO: HESABU SIKU
Ukiachishwa kazi isivyo halali, una siku 30 tu za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Usizipoteze ukisubiri bosi apoe au wazee wakae kikao. Jaza fomu CMA F1, mpe mwajiri nakala, kisha uisajili. Ukichelewa, utaomba kwanza kibali, nacho chaweza kukataliwa.

Usisaini barua ya "kuacha kazi kwa hiari" ambayo hukuiandika kwa hiari. Tunarudia: usisaini. Tunza mkataba, hati za mshahara na ujumbe wa simu.

Anayedai ngono ili akuajiri au akupandishe cheo ametenda kosa la rushwa. Pigia Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU), namba 113, bila malipo.

Kwa mwajiri
Usidhani kumwondoa mjamzito kunaokoa fedha. Mkata minofu ya sangara aliyezoea kisu, au karani anayejua vitabu vya kiwanda cha pamba, akiondoka huondoka na ujuzi wake. Anayemrithi atafundishwa upya, huku makosa yakiongezeka. Waliobaki nao hujifunza kuficha mimba, na wewe unakosa muda wa kupanga mbadala. Panga zamu mapema, andika vigezo vya kupandisha cheo, viwe vilevile kwa wote.

Visingizio vya "mila" na "kazi za kiume" havitakuokoa mbele ya Tume. Na wewe mfanyakazi, siku ya 31 usije kulalamika: tumekuonya.