Kabla Hujapakia Tanki kwenye Kirikuu

Wanachuo wenzangu, kila mara tukianza stori za kujiajiri, wazo la kuosha majengo kwa kumfuata mteja halikosekani: kuta, paa, vigae vya uani, paneli za sola. Halidai kodi ya fremu. Unahitaji kirikuu, tanki, mashine ya presha na mpira wa maji. Swali linalofuata huwa ni hili: tuweke tanki la lita ngapi? Wengi hujibu haraka, "Elfu moja, tusikatikiwe maji." Hapo ndipo naomba tushike kalamu.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lita 1,000 ni tani nzima. Kirikuu cha Kijapani cha daraja la injini ya sisi 660 kimeruhusiwa kubeba kilo 350 tu, na chenyewe kikiwa kitupu kina takriban kilo 700. Yaani maji peke yake yatalizidi gari lenyewe uzito! Breki, springi na matairi havikutengenezwa kwa mzigo huo, na kwenye mteremko atakayeumia si wewe peke yako, ni pamoja na bodaboda aliye mbele yako.

Tupige hesabu upya. Tuseme mashine ni kilo 30. Tanki tupu, mipira, ngazi na sabuni kilo 70. Kwenye 350 zinabaki 250, kwa hiyo maji ni lita 250. Mashine inayotumia lita 8 kwa dakika itayamaliza kwa dakika 31 hivi za kupuliza mfululizo. Ni kidogo? Kwa hiyo tumia bomba la mteja. Kabla ya kukubaliana bei, kinga ndoo ya lita 20 na utazame saa. Ikijaa kwa dakika mbili, bomba linatoa lita 10 kwa dakika, na mashine yako haitakosa maji. Tanki ni akiba, kisima ni cha mteja. Kama hana maji, bei ipande, maana utarudi kujaza.

Sasa upakiaji. Tanki likae chini, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, lifungwe kwa mikanda imara. Maji yasiyojaa hucheza ukikata kona na kuvuta gari pembeni, kwa hiyo mimi napendelea matanki mawili madogo yenye koki katikati, ifungwe ukiwa safarini. Weka chujio kabla ya pampu, kwani mchanga huila, na usiiwashe bila maji. Mashine ya petroli ielekeze moshi nje ya gari, na usiiwashe ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake unaua.

La mwisho ni mkono wako. Maji ya presha kubwa hutoboa ngozi, na kidonda chake huonekana kama tundu la sindano huku ndani nyama imeharibika. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hakiumi.

Kabla hujaweka bumu lako kwenye tanki, soma uzito ambao gari unalotaka kununua limeruhusiwa kubeba, kisha toa kila kitu utakachopakia. Kinachobaki ndiyo maji yako.