SOMO: NDEGE WA MSITUNI NA VIJIDUDU VYA KUHARISHA



Watoto wakiendesha katika kijiji kilicho kando ya msitu, hakosi mtu wa kusema, "Ni hawa ndege, wanatunyea kwenye maji." Mwingine atajibu, "Ndege wa porini ni safi, hawana neno." Kila mmoja ana nusu ya ukweli. Nusu nyingine hupatikana kwa kuwapima ndege wenyewe.

VIJIDUDU GANI?

Kampilobakta. Hukaa matumboni mwa ndege. Mwili wa ndege una joto la digrii kama 41 au 42, na kijidudu hiki hulipenda sana. Ndege mwenyewe mara nyingi haonyeshi ugonjwa. Lakini mtu akimeza kidogo tu huendesha, pengine na damu, tumbo likimsokota.

Salmonela. Huleta kuhara na homa, na huweza kuua ndege wadogo. Ila tusichanganye mambo: taifodi huletwa na aina ya salmonela inayokaa kwa binadamu peke yake. Hiyo tusimsingizie ndege. Tukague vyoo vyetu.

Klamidia ya ndege (siyo ile ya zinaa). Hupatikana hasa kwa kasuku na njiwa. Mtu huivuta pamoja na vumbi la mavi makavu, ikamshika mapafu.

YAMEWAHI KUTOKEA?

Ndiyo. Mwaka 1990, kaskazini mwa Uingereza, ndege wa jamii ya kunguru walidonoa vifuniko vya chupa za maziwa zilizoachwa mlangoni, na waliokunywa wakapata kampilobakta. Mwaka 2008 huko Alaska, Marekani, watu waliugua kwa kula njegere mbichi zilizochafuliwa na korongo shambani. Mwaka 2021 Marekani ilihesabu wagonjwa 29 wa salmonela katika majimbo 12, na chanzo kilikuwa ndege wadogo wanaokusanyika kwenye vyombo vya chakula ambavyo watu huwawekea.

Angalieni vizuri. Hakuna aliyeugua kwa sababu ndege ameimba mtini. Waliugua kwa sababu uchafu wa ndege ulifika mkononi au mdomoni.

NDEGE HUPIMWAJE?

1. Wataalamu wenye kibali hutega nyavu nyembamba alfajiri, na kuzikagua mara kwa mara ndege asiumie.
2. Ndege hutiwa katika mfuko safi wa kitambaa, hupimwa uzito, na kuvishwa pete yenye namba mguuni. Akinaswa tena mwakani atatambulikana.
3. Huchukuliwa mavi yake, au hupanguswa njia ya haja kwa kijiti chenye pamba. Kisha huachiliwa.
4. Kipimo hutiwa katika dawa ya kukihifadhi, huwekwa kwenye baridi na kupelekwa maabara upesi, maana kampilobakta hufa haraka ikikauka.
5. Maabara huotesha vijidudu na kuvilinganisha na vya wagonjwa, vya kuku na vya maji.

Hatua hiyo ya tano ndiyo hakimu. Mara nyingi kampilobakta ya ndege wa porini huwa ya ukoo tofauti na ile inayougua watu. Ya watu hufanana zaidi na ya kuku. Kijiji kikikata miti ili kufukuza ndege, basi, huenda kimemwacha mwizi ndani ya nyumba na kumpiga jirani. Tena hasara ni mbili: ndege hula wadudu wa shambani na hupanda mbegu za miti.

Vipimo huonyesha jambo jingine pia. Ndege huokota vijidudu kutoka taka na maji machafu yetu, hata vile vilivyozoea dawa za hospitali. Kwa hiyo nasi huwaambukiza wao.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

- Funikeni visima, mitungi na matangi. Maji ya paa yaliyonyewa na ndege yachemsheni mpaka yatokote.
- Osheni mboga na matunda kwa maji safi. Tunda lililodonolewa litupwe.
- Kuku wasilale jikoni. Nyama ya kuku iive mpaka mfupani.
- Mavi makavu ya ndege yalowesheni maji kabla ya kufagia.
- Msiwatege ndege wa msituni wala kuwafuga. Kuwakamata bila kibali ni kosa kisheria.
- Mkiona ndege wengi wamekufa pamoja, msiwaguse wala kuwala. Andikeni tarehe, mahali na idadi, kisha mwarifu daktari wa mifugo au maofisa wa wanyamapori.
- Anayeharisha damu apelekwe zahanati. Asinunuliwe vidonge dukani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Maji yetu ya kunywa yanafikiwa na ndege wapi? Na kuku je?
2. Nani kati yetu ataweka daftari la ndege waliokufa?
3. Mwezi uliopita watoto wangapi waliendesha, na walikunywa maji ya wapi?

Anzeni na swali la tatu. Jibu lake mnalo wenyewe.